Mzee Akionja, Atarudia

Naanza kwa kumshukuru shosti wangu aliyeweka kwenye status kwamba nimeanza kuuza dawa za kiume. Asante, mama. Mpaka mjomba wa Singida kanipigia. Sasa naomba na mimi nisikike, maana aliyesimama mbele ya ile TV ni mimi. Yeye alikuwa jikoni anapakua pilau.

Mnajua nauza zabibu kavu. Mizabibu ni ya mama, kule Mpunguzi. Mwaka huu nikasema niwe na tovuti, mtu wa Mwanza aagize, nimpakizie mzigo kwenye basi pale Nanenane. Mtoto wa kaka yangu anasoma kompyuta UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nikamwita, nikamwekea chai na chapati, akaanza somo. Kwamba tovuti ni kama genge, lazima iwe na pa kukaa, na pa kukaa penyewe ni kwenye seva ya mtu, yaani kompyuta yake inayowaka saa zote, kwa hiyo unalipa pango. Akanifungulia kampuni tatu. Hii mwaka wa kwanza rahisi, ila shuka mpaka kwenye maandishi ya mayai ya chawa uone bei ya kuhuisha mwaka wa pili. Hii imeandika nafasi "bila kikomo", lakini ukisoma masharti kikomo kipo, kimejificha kwenye idadi ya mafaili na nguvu ya prosesa. Hii inajisifu iko hewani asilimia 99.9.

"Hiyo bado ni kama dakika 43 kila mwezi umezimwa, shangazi."

Yeye alitaka nichukue ya 90,000 kwa mwaka: domeini ya .co.tz, yaani anwani yangu mwenyewe, kufuli la usalama, bekapu (nakala ya akiba) kila siku, na mtu wa kumpigia simu kukiharibika. Mimi hapo nilishaacha kusikiliza, nahesabu 90,000 ni makopo mangapi. Nikamfungia chapati mbili, nikamsindikiza kwenye bodaboda. Usiku nikaingia mtandaoni mwenyewe na kuandika neno moja tu: bure.

Zipo! Bure milele! Nikamtumia mtoto kiungo, nikijiona nimekipiga chenga chuo kizima. Akajibu, "Shangazi, cha bure kina mwenyewe." Nikamwekea dole gumba nikalala.

Anwani niliyopewa ilikuwa na vistari viwili, namba, na jina la hao wafadhili wangu mkiani. Nikachapisha stika 500. Anwani ilizunguka kopo mpaka ikaenda kugongana na tarehe ya kuisha muda. Halafu ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kwa herufi kubwa nyekundu, nikaweka kaulimbiu niliyoitunga mwenyewe nikiwa bafuni: MZEE AKIONJA, ATARUDIA.

Nilimaanisha baba yangu. Mzee meno yamebaki ya kuhesabu, lakini zabibu kavu anazimumunya kutwa. Baba yangu, jamani. Shikeni hapo.

Jumamosi kikoba chetu kilikaa kwa mama mkubwa, Ipagala. Wamama kumi na wanne, pamoja na mama mchungaji, kavaa miwani yake ya kusomea. Mwenyekiti akasema binti yetu ana jambo la kutuonyesha. Nikaunganisha simu na ile TV ya inchi 43, ambayo dakika mbili nyuma ilikuwa inapiga kwaya. Sauti ilikuwa imeachwa palepale pa kwaya.

Tovuti ikaanza kufunguka. Polepole, maana picha nilizipakia kama zilivyotoka kwenye simu. Ikaja rangi ya zambarau. Wamama: "Aaah." Ikaja nusu ya kichala cha zabibu. Ikaja MZEE AKIONJA, ATARUDIA. Wakapiga makofi, mama mkubwa akapiga na kigelegele kidogo.

Halafu, juu ya kaulimbiu, pakafunguka kijisanduku. Mimi sikuwahi kukiona maishani. Siku zote naingilia mlango wa nyuma, wa kuhariri, na huko matangazo hayapo. Kumbe huku mbele wafadhili wangu ndiko wanakolia chakula chao.

Kwanza kikaja kifua. Kifua cha mwanaume, kimepakwa mafuta, hakina shati. Kisha maneno, moja baada ya jingine, kama yanaletwa kwa mkokoteni: REJESHA. HESHIMA. YA NDOA. NDANI YA SIKU 7.

Na chini yake, bila hata nafasi ya kupitisha kidole: MZEE AKIONJA, ATARUDIA.

Makofi yakakatika. Nikaona kialama cha kufungia, punje ya ufuta, nikakibonyeza. Hakikufunga. Kilifungua video. Mwanaume mwingine, huyu ana shati, akasema kwa sauti ya kwaya: "MKE WANGU ALIKUWA AMEKATA TAMAA..." halafu bando likakwama. Jamaa akaganda pale skrini nzima, mdomo wazi, kiduara kinazunguka puani kwake. Nikakamata rimoti. Rimoti ya mama mkubwa imevalishwa nailoni tangu siku iliponunuliwa, na vidole vyangu vilikuwa vimelowa jasho. Nabonyeza, inateleza. Sebule nzima unasikia feni tu.

Ndipo bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza kwa upole kabisa, "Na hiyo kopo moja ni shilingi ngapi, mwanangu?"

Na mimi kichwa kilishaondoka, umebaki mdomo wa biashara. Nikajibu, "Elfu tano, mama. Ukichukua matatu nakupunguzia."

Hapo ndipo shosti alipotokea na sinia la pilau. Alichokisikia ni hicho tu. Mengine mmeyasoma kwake.

Basi. Nilichomoa waya ukutani, tukala, nikamtumia mtoto 90,000 kabla sijafika kwangu. Kesho yake jioni .co.tz ikafunguka na kufuli lake, picha kazipunguza, kaulimbiu kaifuta bila kuniuliza. Ile ya bure nimeifunga. Stika tunazibandua kwa maji ya moto mimi na mama, zimebaki kama mia tatu. Mama hajaambiwa kwa nini.

Ila juzi baada ya ibada mama mchungaji kanivuta pembeni, chini ya mti. Anasema tovuti mpya ni nzuri, imependeza, lakini ile ya kwanza haifunguki, na kuna jirani yake anaiulizia.

Sijauliza jirani yupi.