Moyo wa Mtoto Unapopunguza Kasi: Kinga au Hatari?

Mtu mzima akipungukiwa oksijeni ghafla, moyo wake huenda mbio. Mtoto aliye tumboni, mimba ikikaribia kutimia, hufanya kinyume: mapigo yake, ambayo kwa kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika, hushuka upesi. Je, anajikinga au anaumia?

Wanaosema anajikinga wana ushahidi mzito kutokana na majaribio ya kondoo wenye mimba. Oksijeni ikipungua, vihisi vilivyo kwenye ateri za karotidi shingoni huarifu ubongo, nao huupunguza moyo kasi kupitia neva ya vagasi. Neva za vihisi hivyo zikikatwa, au kijusi kikipewa atropini, dawa inayozuia kazi ya vagasi, ule mshuko wa haraka hauonekani. Papo hapo mishipa ya ngozi, misuli, utumbo na figo hubana, damu ikaelekezwa kwenye ubongo, moyo na tezi za adrenali. Hata miondoko ya kupumua husimama, na ni sawa isimame, maana mapafu bado yamejaa maji na oksijeni yote hutoka kwenye kondo.

Wanaohofia nao hawakosei. Moyo wa kijusi hauna nafasi kubwa ya kuongeza damu kwa kila pigo, kwa hiyo mapigo yakishuka mno, damu inayosukumwa hupungua pia. Tena kinga hii ina mwisho. Upungufu ukirefuka, msuli wa moyo humaliza akiba yake ya glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa, asidi hujaa kwenye damu, na moyo hulegea wenyewe. Hapo vagasi haihusiki tena. Shinikizo la damu huporomoka, na ubongo uliokuwa ukilindwa hukosa damu.

Kwa maoni yangu, pande hizi mbili zinazungumzia vipindi viwili vya tukio moja, na kosa ni kutazama kina cha mshuko peke yake. Wakati wa uchungu, mapigo yanayoshuka na kurudi upesi baada ya mkazo wa mji wa mimba, huku kati ya mikazo yakibaki kwenye kiwango chake na yakipandashuka kidogo kidogo kama kawaida, yanaonyesha mtoto anayemudu. Yakichelewa kurudi, kiwango cha msingi kikapanda kwa msukumo wa adrenalini, kisha mpandoshuko ule ukafifia, akiba inakwisha. Mikazo ikizidi 5 kwa dakika 10, kondo halipati muda wa kupokea damu mpya. Mama alazwe ubavu, na oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, kama anapewa, ipunguzwe au isimamishwe. Kupima mapigo mfululizo kwa mashine kumepunguza degedege kwa watoto wachanga, lakini kumeongeza upasuaji wa kujifungua bila kupunguza mtindio wa ubongo. Naamini usomaji wa pupa wa grafu za mashine hiyo unachangia.

Umri wa mimba nao huzingatiwa. Kondoo akiwa katikati ya mimba, mshuko huo kwa kijusi chake ni hafifu au haupo, kwa kuwa udhibiti wa vagasi haujakomaa. Grafu ya mapigo ya njiti, yaani mtoto ambaye mimba yake haijatimia, isisomwe kwa kipimo cha mtoto aliyetimia.

Mtoto akizaliwa, oksijeni kwenye ateri hupanda mara kadhaa, na vihisi vilivyozoea kiwango cha chini hunyamaza kwa muda kabla ya kujirekebisha. Kuanzia hapo upungufu humfanya apumue zaidi, na mapafu yanayotanuka huuharakisha moyo. Lakini kwa mtoto mchanga ongezeko hilo hudumu dakika moja au mbili tu, kisha pumzi hupungua. Zikikoma kabisa, ile athari ya vagasi hujitokeza tena. Haikufutika, ilifunikwa na kupumua. Ndiyo maana njiti akiacha kupumua kwa zaidi ya sekunde 20, mara nyingi mapigo huanguka pamoja na pumzi.

Basi mtoto aliyezaliwa hapumui, au mapigo yako chini ya 100, tiba ya kwanza ni hewa: barakoa na mfuko, na macho yawe kifuani. Kifua kisipoinuka, rekebisha barakoa, weka kichwa sawa, safisha njia ya hewa. Kukandamiza kifua kunakuja pale mapigo yanapobaki chini ya 60 baada ya sekunde 30 za hewa inayoingia kweli, migandamizo 3 kwa pumzi 1. Anayekimbilia kukandamiza wakati kifua hakijainuka hata mara moja anasukuma damu isiyo na oksijeni, na moyo hautainuka.