Maneno 12 kwenye benchi la Mbuyuni: nani apange skrini ya waleti huria?

Soko la Mbuyuni, Moshi, nilikaa kwenye benchi la mama mmoja muuza mitumba nikimsaidia kuweka waleti ya bitcoin, yaani programu ya kutunzia sarafu hiyo ya kidijitali, kwenye simu. Mwanawe yuko nje ya nchi, na ndiye aliyemwambia aiweke. Programu ikatoa maneno 12 ya Kiingereza, ikamtaka ayaandike kwenye karatasi. Akachukua daftari lake la madeni, akaanza kunakili herufi moja moja. Neno la saba lilikuwa "leisure". Yeye akaandika "leisue". Alipomaliza akaniuliza: "Mwanangu, nikipoteza hii simu nampigia nani?"

Hakuna wa kumpigia. Mama huyu amezoea M-Pesa, ambayo imekuwapo Tanzania tangu 2008. Huko ukisahau namba ya siri unapiga huduma kwa wateja, na kabla pesa haijatoka unaonyeshwa jina la mpokeaji. Waleti ambayo mtu anaitunza mwenyewe haina hayo. Yale maneno 12 ndiyo pesa yenyewe: atakayeyapata anachukua kila kitu, na wewe ukiyapoteza huna pa kwenda. Skrini inayoyaonyesha inafanya kazi ya wakala, karani na huduma kwa wateja kwa pamoja. (Simshauri mtu anunue sarafu hizi. Benki Kuu ilitoa tahadhari Novemba 2019, na Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3. Lakini watu wanazo, na zinapotea.)

Waleti nyingi za namna hii ni programu huria: msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kupendekeza badiliko. Tangu 2020 ipo pia jumuiya ya Bitcoin Design, ambamo wabunifu huandika mwongozo wa bure na kukosoana michoro ya skrini hadharani. Hoja yao ni kwamba fedha isiyo na mwenyewe mmoja haifai kupangiwa sura na kampuni moja. Uamuzi wa kuonyesha makato au kuyaficha ukifanyika mbele ya watu, hata mtu wa Moshi anaweza kuuhoji.

Naikubali hoja hiyo, na ushahidi wangu ni lile "leisue". Maneno yale hutoka kwenye orodha ya maneno 2048 iliyowekwa mwaka 2013 katika BIP39, kanuni ya pamoja ambayo waleti nyingi huifuata, na orodha hiyo ilipangwa ili herufi nne za mwanzo za kila neno zisifanane na za neno jingine. "Leis" peke yake inatosha. Tena, kwa kuwa kanuni ni ya wote, maneno ya waleti moja yanaweza kufunguliwa na nyingine nyingi, hata ile ya kwanza ikifa. Watu walikaa wakakubaliana jambo moja, na mama wa Mbuyuni akaokoka licha ya herufi aliyoiruka. Kilichoniuma ni kwamba skrini haikumwambia lolote kuhusu hilo.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Kampuni inaweza kumlipa mtu akae na watumiaji siku nzima, awatazame wakikosea. Kwenye mradi huria mbunifu mara nyingi anajitolea, mwandishi wa msimbo ndiye mwenye neno la mwisho, na mjadala wa kitufe kimoja unaweza kukokotwa kwa miezi. Mara nyingi huishia kwa kuongeza chaguo jingine kwenye mipangilio ili kila upande uridhike. Ndivyo mama anavyojikuta anaulizwa alipe satoshi ngapi kwa kila baiti, wakati anachotaka kujua ni makato shilingi ngapi. Satoshi ni sehemu moja ya milioni mia ya bitcoin. Hilo nililieleza mara tatu.

Na uwazi peke yake si ulinzi. Desemba 2018 wezi waliendesha seva zilizotuma ujumbe ndani ya waleti ya Electrum, ujumbe uliowataka watu wapakue toleo jipya. Toleo lilikuwa bandia, na zaidi ya bitcoin 200 zikaibwa. Msimbo wa Electrum ulikuwa wazi kwa miaka. Tatizo lilikuwa kwamba mtumiaji huamini maandishi yanayotokea ndani ya programu yake, hata kama yametoka kwa mgeni.

Kuna wanaosema dawa ni orodha ya maneno ya Kiswahili. Kihispania, Kijapani, Kikorea, Kicheki na lugha nyingine kadhaa zinayo, Kiswahili bado. Nilijaribu kuianza mwenyewe jioni moja, nikakwama mapema. Kitabu, kitanda, kitambaa na kitana vyote ni "kita". Mtori na mtoro ni "mtor". Lugha yetu hubeba viambishi mwanzoni, kwa hiyo kanuni ya herufi nne inatubana kuliko inavyowabana wengine. Hilo hataliona mbunifu asiyesema Kiswahili, hata awe hodari namna gani. Lakini watunzaji wa kanuni wenyewe wanaonya kwa nguvu dhidi ya kutumia orodha zisizo za Kiingereza, kwa sababu waleti nyingi mno hazizipokei. Mama angepata maneno anayoyajua, kisha akafungiwa ndani ya programu moja. Kwa sasa ningeyaacha maneno kama yalivyo, ila kila sentensi inayoyazunguka iwe Kiswahili cha sokoni: "makato", "namba ya siri", "usimwonyeshe mtu".

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikosesha raha. Nilikuwa nimeyaona maneno yote 12. Hapa kwetu mtu haweki programu mpya akiwa peke yake. Huwekewa na mtoto wake, jirani au kijana wa duka la simu. Mikutano ya ubunifu inajadili mtumiaji mmoja na simu yake, wakati Mbuyuni kuna watu wawili kwenye benchi moja. Ndiyo maana nautaka ushirika huu, ila uwe kama ule wa kahawa: mjadala ni wa wote, lakini siku ya kupima karani mmoja anasoma mizani, na mkulima amesimama pale pale anatazama. Mtu mmoja aamue skrini ikaeje, baada ya kukaa kwenye benchi kama hili.

Nilimwambia mama tuifute waleti tuanze upya. Akapata maneno mengine, nami nikageuka nikatazama barabarani akiandika. Baada ya muda akaita: "Hebu niangalizie, hii ni l au i?" Sikuweza kumjibu bila kugeuka.