Nimekonda kwa Hiari Yangu, Niacheni Nipendeze

Jamani kuna uongo mmoja mkubwa unatembea hapa duniani, eti ukipungua uzito basi kila nguo itakukaa. Nani kasema? Mleteni hapa anishikie hii suruali, maana mkono mmoja una simu mwingine umeshika kiuno, na nikipigiwa makofi ya kupongezwa nikajisahau nikapunga mkono, tumeaibika wote.

Mimi nilikuwa bonge. Na sio bonge la kusema "kanawiri kidogo", hapana, lile la kupewa kiti cha mbele kwenye gari na watu mkadhani ni heshima kumbe wameshapiga hesabu kwamba nikikaa nyuma abiria wawili wanashuka. Sasa nimepungua, kilo ngapi sitaji, nikitaja tu mnaanza kuomba ratiba ya chakula na mimi sina ratiba, nina njaa tu. Ila kipindi chote cha mateso kila mtu alikuwa ananiambia vumilia kaka, utapendeza wewe, nguo zitakukaa mpaka watu wageuke. Nikaamini. Nikawa nalala najiona kichwani nimepiga suti, natembea taratibu, mkono mmoja mfukoni, watu wanageuka. Na kweli wamegeuka. Wananiuliza naumwa nini.

Ndo ukubwa huu. Ukikonda ukiwa na miaka 25 unaitwa modo, ukikonda una miaka 50 unaitwa pembeni. Unashikwa mkono, sauti inashushwa, "kaka nyumbani kwema? umepima lakini?" Na hao ndo wenye upendo, kuna wajuaji wao hawaulizi ugonjwa wanauliza sindano. Toka hizi dawa zitoke hakuna anayeaminika tena, Ozempic iliruhusiwa Marekani 2017 kwa ajili ya kisukari, 2021 ikaruhusiwa Wegovy ya kupunguza uzito na dawa ya ndani ni ile ile semaglutide, basi tangu hapo mtu mwenye mashavu yaliyoingia ndani ni mtuhumiwa. Mimi nimetembea mpaka soli zimelika upande, nimeacha sukari, nimelala nasikia tumbo linaongea peke yake, halafu mtu anakuja kunikonyeza "unachomea wapi bosi?" Nachomea moyoni bwana, nipishe.

Na nikagundua kitu, anayeamua kama mimi ni mgonjwa au nimependeza sio daktari, ni nguo. Shati likinipwaya naonewa huruma, nikivaa linalonikaa naambiwa "mzee umekuwa kijana". Mwili ule ule, siku ile ile, naweza kuingia chumbani mgonjwa nikatoka nimepona. Kwa hiyo kupendeza kwangu mimi sio maringo, ni kujitetea.

Sasa shida inaanzia kwenye mwili wenyewe, haupungui kwa mpangilio. Unadhani utasinyaa kote kwa pamoja, thubutu! Uso unatangulia, shingo inafuata, vidole navyo vinaondoka kimya kimya, makalio yanahama bila kuaga, na kile kitambi ulichokuwa unakifukuza kinatoka mwisho kabisa tena kwa kununa. Mabega ndo hayaendi popote kwa sababu ni mifupa. Matokeo yake shati likinitosha mabegani tumboni linapepea, likinitosha tumboni mabegani nashindwa kunyanyua mkono kusalimia. Na kola! Nikigeuza kichwa kuitika jina langu, shingo inageuka, kola imebaki inaangalia mbele. Wanasema shati likikukaa vizuri, ukifunga kifungo cha juu uweze kupitisha vidole viwili kati ya kola na shingo, mimi nilikuwa napitisha mkono nikajikuna mgongo.

Pete ya ndoa ndo usiseme. Ukiona mtu wa makamo ghafla kakonda, kaanza kuchomekea, ananukia vizuri, na pete hana, wewe ungefikiria nini? Mama watoto aliikuta kwenye sinki nikamwambia ukweli mtupu, "imetoka yenyewe nikinawa." Aliniangalia kwa muda mrefu sana. Ukweli mwingine bwana hata ukiusema unajisikia unadanganya.

Halafu ngozi. Hii hakuna aliyenitonya kabisa. Ngozi ya kijana ikinyooshwa inarudi kama mpira, ya kwetu sisi kolajeni na elastini, zile protini zinazoishikilia na kuirudisha ngozi, zimeshapungua kwa umri, kwa hiyo mafuta yameondoka, nyumba imebaki wazi na mapazia bado yananing'inia. Ukivaa fulana ya kubana unafikiri unaonyesha kifua, unaonyesha mikunjo. Ndo nikajua kitambaa kizito kidogo ni rafiki wa mtu aliyepungua, kile kinachosimama chenyewe bila kukung'ang'ania, na hivi vitambaa laini vinavyoteleza mwilini wavae wale ambao hawajawahi kunenepa, sisi vinatuchongea. Mikono ya shati iwe mirefu, na koti usiliache nyumbani. Koti kwanza sio hata fasheni, ni baridi, maana yale mafuta kumbe yalikuwa blanketi, sasa hivi nakaa ofisini natetemeka peke yangu wenzangu wanajipepea. Na viti navyo vimekuwa vigumu siku hizi, sijui nani kavibadilisha.

Nikasema sitaki makuu, nguo zangu za zamani nzuri nitazipeleka kwa fundi azipunguze. Fundi kanisimamisha mbele ya kioo na suruali ya ile suti yangu ya harusi za watu, akaja kwa nyuma, akakamata kitambaa kwa vidole viwili akavuta, akaongeza vidole, akakamata na kiganja, mwisho akawa ameshika furushi zima mgongoni kwangu na mbele suruali imenikaa vizuri kabisa, nikafurahi. "Hivyo hivyo fundi!" Akanyamaza. Kachukua chaki kapiga mstari, kafuta, kapiga mwingine, katoa pini mdomoni, karudisha pini mdomoni.

"Mzee wangu," akasema, "kiuno naweza kupunguza inchi mbili hivi. Nikizidisha hapo hii mifuko ya nyuma itasogeleana mpaka isalimiane."

Nikamuuliza na koti je? Akaniwekea mkono begani, sio kupima, kunifariji. Kumbe mafundi wote wanalijua hili, koti unaweza kulibana ubavuni, ukafupisha mikono, ila mabega ukiyagusa umelibomoa koti zima, na gharama yake bora ushone jipya. Akaniambia niiache suruali ajaribu kufumua yote aikate upya, koti niende nalo nikalitafutie mtu. Nikatoka pale nimelikumbatia. Harusi ngapi tumehudhuria pamoja.

Wanasema nunua mpya. Haya. Bonge hachagui nguo, nguo ndo inamchagua bonge. Miaka yote mimi nilikuwa naingia dukani na swali moja tu, kubwa kabisa ipo? Ikiwepo nanunua, iwe na rangi gani, iwe na picha ya tai mbele, nani anajali, imeingia au haijaingia. Na ilikuwa raha fulani hivi maana mtu akikuona umevaa vibaya anasema maskini hana saizi. Sasa sina pa kujifichia. Nikivaa vibaya leo ni mimi mwenyewe nimechagua kwa akili zangu timamu. Nasimama mbele ya mashati mia yote yananitosha natoka jasho, mkono unaenda wenyewe kule mwisho kwenye zile saizi zenye eksi nyingi, kichwa hakijapata taarifa kabisa kwamba tumehama. Bado mlangoni napita ubavu.

Na hizo saizi zenyewe zina fitina. Hapa unaambiwa M, duka la pili hiyo hiyo M haivuki mabega, la tatu unaogelea. Heri jinzi zina namba mbili za inchi, ya kwanza kiuno ya pili urefu wa mguu, angalau unaongea na kitu kinachoeleweka, ingawa na yenyewe ukiivaa unakuta kiuno walichoandika ni cha matumaini. Kuna mambo mengine nilikariri tu nikiwa bonge nikadhani ni sheria, nguo nyeusi inapunguza, mistari ya kulala inanenepesha. Kumbe yule mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, huko karne ya 19 alishaonyesha kwamba mraba uliochorwa mistari ya kulala unaonekana mrefu zaidi kuliko wenye mistari ya kusimama. Miaka yote nimekimbia mistari ya kulala! Niliishi nimevaa nyeusi kila siku, watu wakidhani nimefiwa.

Hata kizibao, ule utaratibu wa kuacha kifungo cha mwisho wazi, inasemekana chanzo chake ni Mfalme Edward VII wa Uingereza, tumbo lilikuwa limeshamzidi, akaacha kifungo, waliomzunguka wakaona hiyo ndo fasheni nao wakaacha vyao. Mimi nimeacha wazi vifungo vitatu kwa miaka mingi na hakuna hata mmoja aliyeniiga. Ufalme nao una faida zake.

Mnaosema nimezeeka kwa haya mambo naomba mmtazame marehemu Karl Lagerfeld, mbunifu wa mavazi wa Chanel, alikuwa na miaka 60 na kitu akaona zile suti nyembamba za mbunifu mwenzake Hedi Slimane alizokuwa anabuni pale kwenye jumba la mitindo la Dior, akazitamani, basi akapunguza kilo kama 42 kwa miezi 13 ili zimuingie. Hakusema presha, hakusema magoti, kasema suti. Huyo ndo mtu wa kwetu. Ila na yeye angalieni vizuri, shingo aliivalisha kola ndefu ngumu, mikononi glavu, machoni miwani nyeusi, yaani kafunika kila sehemu ambayo mimi nalalamikia hapa. Mwenzetu alijua.

Basi nikajipanga. Kikwazo kilichobaki ni umri, maana duka zima limegawanyika pande mbili tu, upande wa vijana wa chuo na upande wa wazee wa kamati. Upande wa vijana suruali imechanwa magotini, nauliza kwa nini nilipie kitu ambacho nikianguka napata bure. Upande wa kamati kuna suruali za marinda na mashati ya mfuko mmoja wa kuwekea miwani, ukivaa tu unajikuta umeshateuliwa mweka hazina. Mtu wa katikati avae nini? Nikachagua kwa shida, suruali ya bluu iliyokolea imenibana kistaarabu, shati jeupe limenikaa mabegani, nimechomekea, mkanda nimefunga tundu la katikati, wanaojua mambo wanasema mkanda sahihi ndo unafunga hapo, mimi nilikuwa nafunga la mwisho kisha naomba dua. Viatu nimepiga brashi. Nikajitazama kwenye kioo cha mlangoni, nikajigeuza, nikajitazama kwa nyuma. Wallahi nilipendeza.

Nikatoka sebuleni. Mama watoto akanipima juu mpaka chini, "Haya, hizo pamba unamvalia nani?" Nikamwambia nakuvalia wewe. Akasema mimi nipo jikoni siku zote mbona hukuwahi kunivalia. Nikanyamaza, pete nimeifunga uzi.

Ndipo akatokea binti yangu. Anaenda kwenye sherehe na wenzie, amevaa koti langu. Lile lile! La mabega yasiyoguswa, limemfika mapajani, mikono kaikunja mara mbili, ndani fulana yangu ya zamani yenye picha ya tai, na jinzi pana ungedhani kaazima pazia la ukumbi. Nikamwambia mwanangu vua, utachekwa, nguo inakupwaya. Akanionea huruma kabisa, "Baba, hii ni ovasaizi. Ndo fasheni yenyewe." Halafu akaangalia suruali yangu, na kwa sauti ya muuguzi akasema, "Hizo slimu siku hizi wanavaa wazee."

Mnanielewa lakini? Wakati dunia nzima inavaa vya kubana, mimi nilikuwa bonge. Nimeteseka, nimepungua, nimefika kwenye slimu natweta, nakuta wenyewe wameshahama, wamehamia nilikotoka mimi! Na rafiki zake wakamzunguka pale mlangoni, "shoga koti kali hilo, umelitoa wapi?" Miaka nimelivaa lile koti hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimelitoa wapi, nilikuwa naulizwa nimetokaje.

Akarudi mbio kutoka getini. "Baba, na suruali yake iko wapi? Ile pana." Nikaacha hata kujibu, nikakimbilia simu.

"Fundi, ile suruali usiikate."

Kimya kidogo, nasikia cherehani inasimama.

"Mzee wangu," akasema, "nimeipunguza vizuri sana. Na kipande kilichobaki nimekushonea kaptula."