Mkopo au mbia? Hesabu ya mashine ya kusaga Katuba

Wazee wa biashara wa Lubumbashi watakuambia usiingize mtu katika kampuni yako: kopa, lipa, ubaki na mali yako. Vijana wanaotafuta mtaji wanajibu kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Heri mbia, mkipata mnagawana, mkikosa mnakosa wote. Wanabishana juu ya mwezi mzuri. Mimi naangalia mwezi mbaya.

Chukua mfano wa mashine ya kusaga mahindi kule Katuba, hapa Lubumbashi. Mwenyewe anahitaji dola 10,000. Akikopa na kulipa 800 kila mwezi, baada ya miezi 20 amerudisha 16,000 na deni limekwisha. Akimpa mbia asilimia 40, na faida ikiwa 1,500 kwa mwezi, mbia anachukua 600. Mwezi wa 27 keshapita ile 16,000, na ataendelea kuchukua maadamu mashine inazunguka. Hapo wazee wana haki.

Lakini umeme ukikatika wiki mbili? Akina mama wanapanga ndoo za mahindi mlangoni asubuhi, jioni wanazibeba tena kichwani. Unga wa bukari, yaani ugali, wataupata kwingine. Faida inashuka hadi 400. Mbia anapokea 160 na kunung'unika. Mkopeshaji anadai 800 zake, na hati ya kiwanja iko kwake.

Ningependelea njia ya tatu: mwenye fedha apate asilimia 8 ya mauzo mpaka zitimie 15,000, kisha aondoke. Mauzo yakishuka, malipo yanashuka. Taabu yake ni daftari: lazima liandikwe kila siku, bila kuficha.

Sheria inatoa nafasi. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na sheria ya makampuni iliyorekebishwa 2014 ilileta SAS, kampuni ya hisa iliyorahisishwa, ambayo wenye hisa wanaipangia masharti mengi wenyewe.

Kwa anayetafuta kazi ambazo migodi inayapa makampuni mengine kwa mkataba, hesabu ni nyingine. Sheria ya 2017 imeyaachia kazi hizo za mkataba makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongomani. Ukimpa mgeni asilimia 60, umekosa kazi. Ukimpa 49 lakini saini ya benki ukamwachia, umebaki jina kwenye karatasi, na kodi itakufuata wewe. Kwa hiyo kabla ya kutaja asilimia yoyote, muulizane nani anasaini benki, na siku mbia akitaka kutoka, nani atapima bei ya hisa zake.