Theokrasia si serikali ya mashehe na maaskofu

Ndugu mwandishi, umesema theokrasia ni serikali inayoongozwa na viongozi wa dini. Hapo sikubaliani nawe. Neno hilo alilitunga Josephus, Myahudi wa karne ya 1 aliyeandika kwa Kigiriki, kueleza sheria ya Musa: mamlaka yote ni ya Mungu (makuhani aliwataja, lakini kama wasimamizi tu). Soma pia Waamuzi 8:23. Waisraeli wanamtaka Gideoni awatawale, kisha mwanawe, kisha mjukuu wake. Anakataa katakata: si yeye wala mwanawe, Bwana ndiye atakayewatawala. Inaniuma kuona jina la Mungu likibandikwa kwenye amri za binadamu. Wakitawala makuhani, uitwe utawala wa makuhani. Tafadhali rekebisheni aya ile.