Orodha Fupi ya Waingereza Si Ubahili

Siku ya tano baada ya mtoto kuzaliwa Uingereza, mkunga humchoma kisigino na kudondosha damu kwenye miduara minne ya kadi ya karatasi. Kadi ikishakauka hupelekwa maabara. Huko kipande kidogo huloweshwa, na maji yake huingizwa kwenye spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito. Kwa dakika mbili hivi imeshapima asidi za amino na asilikanitini, yaani mabaki ya mafuta na protini ambayo mwili ulikuwa bado unayachoma. Marekani mashine ni hiyohiyo, ila orodha ya magonjwa ndiyo inayotofautiana. Mwaka 2006 wataalamu wa jenetiki wa Marekani walipendekeza magonjwa 29 ya msingi na 25 ya daraja la pili, mengi ya haya ya pili yakiingia kwa kuwa yangeonekana tu wakati yale ya kwanza yakitafutwa. Waingereza, tangu 2015, walikaa miaka kumi wakiwa na magonjwa tisa tu, sita kati yake yakisomwa kwa mashine hii.

Damu imeshachukuliwa, mashine imeshanunuliwa, kwa nini basi wafumbe macho? Wanaouliza hivyo wana hoja nzito, na silaha yao kubwa ni MCADD, upungufu wa kimeng'enya kimoja cha mwilini. Mtoto mwenye upungufu huu hawezi kuchoma aina fulani ya mafuta. Ana afya tele hadi siku aharishe, akatae kula usiku kucha, sukari ishuke. Kabla ya upimaji, inakadiriwa robo hivi ya walioshikwa hivyo walikufa kwenye shambulio la kwanza. Na kinga yenyewe ni kutomwacha akae na njaa. North Carolina ilianza kupima 1997. England upimaji haukuenea kote hadi 2009. Kwa ugonjwa unaompata karibu mtoto mmoja kati ya 10,000, miaka hiyo ilikuwa na gharama.

Hata hivyo, wenye orodha fupi wanaonewa wanapoitwa wabahili. Hoja yao ni kwamba mashine inajua uzito, haijui ugonjwa.

Chukua namba 246. Huo ndio uzito ambao maabara huutazama kutafuta IVA, ugonjwa wa asidi ya isovaleri, unaoweza kumuua mtoto mchanga ndani ya siku chache. Lakini ipo molekuli nyingine, pivaloilikanitini, yenye atomu zilezile kwa idadi ileile, ila zimepangwa kwingine. Nayo ni 246. Hutokana na antibayotiki fulani alizopewa mama, na hata krimu za kupaka chuchu zilizochubuka ambazo zilikuwa na kemikali ya jamii hiyo. Kwa hiyo mama amejipaka krimu ili aendelee kunyonyesha, kisha anapigiwa simu: njoo hospitali leo leo, mwanao huenda ana ugonjwa wa kuua. Mtoto anatolewa damu tena, anapimwa mkojo, na nyumba nzima hailali. Baadaye anaambiwa hana kitu. Dawa ya kosa hili ipo: sampuli yenye shaka hupitishwa kwanza kwenye kromatografia, molekuli hizo mbili zikatoka kwa nyakati tofauti. Ila ni lazima mtu awe ameshajua kwamba kuna cha kutenganishwa.

3-MCC, upungufu wa kimeng'enya kinachosaidia kuvunja protini, ni kisa kigumu zaidi. Umo kwenye orodha ya Marekani, kwa Waingereza haumo. Maabara ziliona alama yake ikipanda kwa watoto wasio na ugonjwa, kumbe ilitoka kwa mama kupitia kondo. Mama walipopimwa, wao ndio waliokuwa na upungufu: watu wazima, wamekua na kuzaa bila kujua lolote. Wachache huugua kweli, na hao ndio wanaowapa Wamarekani hoja. Wengi hawaugui kamwe. Sasa mwanamke huyo aambiwe nini, kwamba ni mgonjwa?

Jibu la kawaida ni kwamba bora hofu ya siku chache kuliko kaburi. Kwa MCADD na IVA nakubali bila ubishi. Kwa 3-MCC, daktari hana njia ya uhakika ya kumwambia mzazi yupi ataugua, na hofu ya namna hiyo haina siku ya kwisha. Wilson na Jungner waliandika vigezo vyao vya ugonjwa gani upimwe kwa watu wasio na dalili, kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1968: mwenendo wa ugonjwa ueleweke, tiba iwepo. Wapo wanaosema vigezo hivyo vimepitwa na wakati. Mimi naona mashine hii ndiyo imevifanya vihitajike zaidi.

Pale orodha fupi inaponikera ni kwenye tairosinemia ya aina ya kwanza, ugonjwa ambao mwili hushindwa kuvunja asidi ya amino iitwayo tairosini. Québec, jimbo la Kanada, imekuwa ikiipima tangu 1970, na dawa yake, nitisinoni, inatumika tangu miaka ya 1990. Waingereza waliokataa walikuwa na sababu mwanzoni, kwani tairosini hupanda hata kwa njiti wasio na ugonjwa. Lakini suksinilasetoni, ambayo ndiyo alama ya ugonjwa huo hasa, ilianza kusomeka kwenye mashine hizihizi miaka ya 2000, na England haikuiongeza hadi 2025. Subira ya mwanzo naweza kuitetea. Hiyo ya baadaye siwezi.