Kabla ya Kulipia Laptopu ya Gemu, Uliza Wati

Kuna tangazo linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kubandikwa kwenye vioo vya maduka, kuanzia Luthuli hadi Moi Avenue jijini Nairobi: laptopu ya gemu, inchi 17, Core i7, RAM 16GB, grafiki 8GB, bei chini ya laki. Kijana aliyeweka akiba miezi mingi analiona, anatuma pesa, anapeleka mzigo nyumbani Roysambu au Umoja, na humo ndani hakuna kadi ya grafiki, kipande kinachochora picha za gemu, hata kidogo. Zile "8GB" ni nusu ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), ambayo Windows huiruhusu chipu ndogo iliyo ndani ya prosesa iiazime. Fungua Task Manager ya Windows, ingia Performance, bonyeza GPU. Ukikuta "Shared GPU memory" imejaa gigabaiti lakini "Dedicated GPU memory" ni megabaiti chache, hiyo ni mashine ya ofisi. Anayeandika tangazo la namna hiyo anajua anachofanya, na inaniuma kuona tumelizoea.

Hata hivyo, huo ni udanganyifu unaotambulika kwa dakika moja. Unaowanasa hata watu makini ni mwingine: kadi ipo kweli, jina lake ni la kweli, stika ni ya kweli, na bado mashine haina nguvu uliyoilipia.

Chukua RTX 4060 ya laptopu, kadi ya grafiki ya kampuni ya NVIDIA. Kampuni inayounda laptopu inaruhusiwa kuipa kadi hiyo umeme wowote kuanzia wati 35 hadi wati 115, na baadhi ya modeli huongeza hadi wati 25 juu ya hapo gemu inapokuwa nzito. RTX 4050 nayo ni 35 hadi 115. RTX 3060 ni 60 hadi 115, na RTX 3050 ni 35 hadi 80. Kadi hupunguza kasi yake yenyewe ili isivuke kiwango ilichowekewa, kwa hiyo laptopu mbili zenye stika moja zinaweza kupishana vibaya sana kwenye gemu ileile. RTX 3060 ya wati 115, hata ikiwa ya mtumba, itaiacha mbali RTX 4050 mpya iliyobanwa kwa wati 45. Zamani kadi zilizobanwa ziliandikwa Max-Q, mnunuzi akajua anachochukua. Kuanzia kizazi cha RTX 30, mwaka 2021, herufi hizo zikatoka kwenye jina la kadi, na wati zikahamia kwenye maandishi madogo ambayo madukani kwetu hakuna anayeyatundika.

Kwa hiyo uliza. Laptopu ikiwa mbele yako, fungua NVIDIA Control Panel, chini kushoto bonyeza "System Information", kisha tafuta mstari wenye maneno "Graphics Power". Namba hiyo ndiyo unayoilipia. Ikiwa unanunua kwa simu, omba picha ya kibandiko kilicho chini ya laptopu chenye nambari kamili ya modeli, si jina la familia tu, maana familia moja hubeba modeli nyingi zenye wati tofauti. Kisha isome kwenye tovuti ya mtengenezaji. Muuzaji akisema hajui wati, sawa, wengi hawajui. Mwombe aiwashe mtazame pamoja. Akikataa kuiwasha, ondoka.

Viwango vyangu ni hivi. RTX 4060 isiwe chini ya wati 100, na usiongeze maelfu ya shilingi kwa sababu tu nyingine imeandikwa 140, maana ukishavuka 100 kadi hiyo huongeza nguvu kidogo mno. RTX 4050 iwe na 80 kwenda juu. RTX 3060 iwe na 95 au zaidi. RTX 3050 yenye 4GB siipendekezi tena: kumbukumbu yake hujaa, picha zinaanza kuchelewa kujichora, gemu inakwama kila ukigeuka. Ile ya 6GB inavumilika.

Skrini kubwa inasaidia hapa, na ndiyo sababu naitetea. Laptopu pana ina nafasi ya feni kubwa na mabomba mengi ya shaba ya kuondoa joto, hivyo watengenezaji mara nyingi huipa kadi wati zaidi kuliko kwenye laptopu nyembamba ya inchi 14. Mara nyingi, si kila mara. Bado soma namba. Wanaokataa inchi 16 kwa kuiona ndogo wangepima kwanza. Skrini ya inchi 17.3 ya umbo la zamani la 16:9 ina upana wa sentimita 38.3 na kimo cha 21.5. Ya inchi 16 ya umbo jipya la 16:10 ina upana wa 34.5 na kimo kilekile cha 21.5. Unapoteza chini ya sentimita 4 za ubavuni, na unapata mashine inayoingia kwenye begi la kawaida ukipanda matatu. Kwa gemu kama FC au GTA mezani, 17.3 ni raha zaidi, nakubali.

Ubora wa kioo chenyewe usipuuzwe. Mwanga wa niti 250 na rangi za asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha upana wa rangi) ndivyo vioo vya bei ya chini kabisa, na kando ya dirisha mchana vinapauka. Tafuta niti 300 na Hz 144, yaani picha inayobadilika mara 144 kwa sekunde.

Prosesa: angalia herufi ya mwisho, si namba ya i7. Core i5-12450H ni ya wati 45 na imeundwa kwa kazi ya aina hii. Core i7-1255U ni ya wati 15 na ni ya laptopu za kuandikia. RAM iwe vijiti viwili, maana kijiti kimoja cha 16GB hupitisha data kwa njia moja na gemu nyingi hupungukiwa. Task Manager itakuonyesha nafasi ngapi zimetumika. Ukienda kuongeza kijiti, jua kama yako ni DDR4 au DDR5, kwa sababu haziingiliani. Hifadhi ya 512GB inajaa upesi, kwa hiyo uliza kama kuna nafasi ya pili ya M.2, tundu la kuongezea diski. Kufutafuta gemu ili upate nafasi si jambo dogo kwa intaneti zetu: gemu ya 100GB kwa laini ya Mbps 10 ni zaidi ya saa 22 za kupakua upya.

Sasa hizi ex-UK, yaani za mtumba kutoka Uingereza. Kwa bajeti ndogo, napendekeza mashine za wahandisi kuliko laptopu za gemu zilizochoshwa. HP ZBook 17 G5 na Dell Precision 7730 ni inchi 17.3, zina mwili imara, na zile zenye kadi ya Quadro P3200 ya 6GB bado zinacheza gemu nyingi vizuri ukishusha mipangilio. Usirudi nyuma ya vizazi hivyo. ZBook 17 G4 na Precision 7720 zina prosesa za Intel za kizazi cha 7 au cha 6, ambazo karibu zote hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilisitishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Uliza pia kadi kwa jina, kwa kuwa laptopu hizohizo ziliuzwa pia na kadi dhaifu.

Mashine ya mtumba ijaribiwe ikiwa moto. Beba flashi yenye HWiNFO (inayosoma joto na kasi), CrystalDiskInfo (inayopima afya ya diski) na FurMark (inayoichosha kadi ya grafiki). Endesha FurMark dakika 15 ukitazama joto la kadi na kasi yake. Ikigonga nyuzi 87 na kasi ikaporomoka, ama vumbi limeziba mapezi ya kupozea ama greasi ya joto imekauka. Fundi mzuri hurekebisha, lakini gharama hiyo itoke kwenye bei ya muuzaji. Kumbuka Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kati ya asilimia 15 na 20. Feni inasukuma hewa pungufu kwa mzunguko uleule. Baridi yetu inafidia kiasi, vumbi letu halifidii chochote. Kwa betri, andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt ulinganishe uwezo wa kiwandani na uliobaki.

Najua wapo watakaosema nunua kompyuta ya mezani, kwa pesa hiyohiyo utapata nguvu zaidi. Ni kweli. Lakini mwanafunzi wa hosteli anayehama kila muhula, au anayeishi bedsita yenye meza moja, hawezi kubeba kasha na monita, na stima ikipotea kazi ambayo haijahifadhiwa inakwenda nayo. Laptopu itakupa muda wa kuhifadhi na kutoka kwenye gemu. Usitarajie kuendelea kucheza, kwa kuwa ikiwa kwenye betri kadi hukatwa umeme kwa kiasi kikubwa.

Mwisho, chaja. Laptopu nyingi za aina hii hutaka chaja za wati 180 hadi 330, na za mtumba mara nyingi huuzwa na chaja ndogo ya laptopu nyingine yenye kichwa kinachoingia. Dalili ni mbili: betri inashuka ukicheza ingawa umechomeka, au kasi inakatwa ghafla. Soma wati zilizoandikwa kwenye chaja yenyewe, uzilinganishe na zinazotajwa na mtengenezaji wa modeli hiyo. Chaja ikiandikwa 100-240V, umeme wetu wa volti 240 hauna shida nayo hata kama imetoka Marekani. Badilisha waya wa ukutani tu, wenye plagi ya pini tatu na fyuzi.